UZI: Mfupa wa dinosaria hausafishwi porini

Tindo (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Juzi imezunguka video ya jamaa anachokonoa fuvu la dinosaria kwa bisibisi. Vumbi linaruka, meno yanatokeza moja baada ya jingine, na maoni chini yake ni pongezi tupu. Mimi ni mtu wa maabara: napokea vipande vya mwamba vilivyofungwa plasta, navifungua, natoa mfupa taratibu. Ile video ilinikera, na badala ya kugombana na watu kule nimeona nilete uzi.

Hoja yangu ni moja. Mfupa wa dinosaria hausafishwi porini. Porini unautafuta, unajua umeanzia wapi na unaishia wapi, unaandika habari zake, unaufunga ukiwa bado umekumbatiwa na jiwe lake, unaondoka nao. Ukikaa juani kuupendezesha ili upige nao picha, unauharibu.

Nashusha kwa vipande. Maswali ulizeni katikati, sina haraka.

Tindo

Tuanze na kutafuta, maana hapa watu wanadanganywa na sinema. Hakuna mashine ya kuaminika ya kumulika ardhi ukaona dinosaria amelala chini. Mfupa uliogeuka jiwe, ukiwa ndani ya jiwe, kwa rada unakaribiana mno na jiwe lenyewe. Kipo kisa kimoja kitamu: Dinosaur National Monument kule Utah, Marekani, walichimba dinosaria aitwaye Allosaurus asiye na kichwa, na fuvu lake likaja kupatikana 1996 kwa kipima mionzi. Iliwezekana kwa sababu mifupa mingi ya miamba ile, inayoitwa Morrison, ilinyonya urani kutoka kwenye maji ya ardhini. Nje ya bahati za namna hiyo, kifaa ni miguu na macho.

Unachagua miamba ya mashapo ya umri unaofaa, kati ya miaka milioni 252 na milioni 66 iliyopita, iliyo uchi na inayomomonyoka. Msitu mnene haukufai kitu. Unatembea umeinama. Utakachoona kwanza ni vijipande vilivyobomoka na kuteremshwa na mvua, na hapo ndipo wageni wanapochuchumaa kujaza mifuko. Acha. Tazama mlima, fuata vijipande kupanda. Vinapokoma ghafla, mfupa uko hapo, au ulikuwa hapo na umekwisha wote. Mara nyingi umekwisha.

Kutofautisha mfupa na jiwe, tazama pale ulipovunjika: ndani kuna vitundu vidogo vidogo. Wakongwe hulamba. Vile vitundu huvuta mate, kipande kinanata ulimini, ilhali jiwe la kawaida linateleza. Ila udongo mfinyanzi nao unanata, kwa hiyo ulimi usiwe shahidi pekee.

Swali Moja Tu

Mkuu, kulamba? Na kama si mfupa, ni mavi ya huyo mnyama?

Tindo

Yapo, na watu wanayachimba na kuyaandikia tasnifu za udaktari. Yakishageuka jiwe hayana neno, lamba tu.

Tuendelee. Umepata mfupa umechungulia ubavuni mwa kilima. Kishawishi ni kuufuata kwa ndani, unachimba handaki kuelekea unakokwenda. Usithubutu. Dari litakuangukia wewe na mfupa wako. Unapanda juu na kushusha mzigo wote ulioufunika: sururu, chepe, hata nyundo za mashine, mpaka ubaki unene wa kiasi juu ya tabaka lenye mfupa. Hapo mashine zinarudi kwenye gari, zinatoka tindo ndogo, visu, sindano na brashi.

Sasa nisikilizeni vizuri. Unafunua sehemu ya juu tu, na kwa kiasi cha kujua mpaka. Lengo ni kujua huu mfupa unaishia wapi, una mwenzake pembeni au la, na wapi unaweza kupitisha mtaro bila kumkata mnyama shingo. Ukishajua hayo, funika.

Sababu ni hii. Mfupa umekaa gizani mamilioni ya miaka na unyevu wake. Ukiufunua, unyevu unatoka, udongo ulioujaza nyufa unasinyaa, na ule mzigo uliokuwa unaubana umeondoka. Utauona kwa macho yako: ubavu uliokuwa laini asubuhi, mchana una mistari myembamba kama unywele, jioni ukipitisha brashi ngozi ya juu inabanduka na kuruka na upepo. Kwenye ile ngozi ya juu ndiko kuliko alama za misuli na za meno ya mla nyama.

Dawa ni gundi nyepesi. Tunayoipenda wengi ni Paraloid B-72, chembechembe za plastiki unazoziyeyusha kwenye asetoni. Ya kwanza iwe nyepesi kabisa, asilimia tano hadi kumi. Unadondosha kwa kimrija kwenye ufa na kutazama: tone linanywewa, ufa unakuwa mweusi, tone jingine, linanywewa tena. Likianza kukaa juu linang'aa, mfupa umeshiba, acha. Ndipo unakuja na nzito zaidi ya kuunganisha vipande. Ukiwa na haraka ukaanza na nzito, inatengeneza utando juu na ndani kunabaki unga mtupu. Na mfupa ukiwa na majimaji, gundi hii inageuka nyeupe na haiingii. Subiri ukauke kivulini, au tumia gundi za kuyeyuka kwenye maji.

Udongo Mfinyanzi

Hapa sikubaliani sana. Mimi nimetumia supagluu miaka yote. Sekunde chache kipande kimeshika, kazi inaendelea. Hizo asetoni zako kwenye joto zinakauka kabla hazijaingia.

Tindo

Supagluu nyembamba inatumika, sikatai, hasa kwenye jino linalotaka kumeguka mbele yako. Shida yake utaiona miaka ishirini baadaye wakati wewe hupo. Kuiondoa ni shughuli. B-72 mtu anaweka asetoni, inaachia, anaunganisha upya vizuri. Wazee wa karne iliyopita walipaka sheleki, vanishi ya zamani, kila mahali, na leo mifupa mingi ya makumbusho ina koti la rangi ya kahawia linalopasuka lenyewe. Nao walikuwa na haraka.

La kukausha mapema una hoja. Weka kivuli, fanya asubuhi. Na hata ukitumia supagluu, andika kwenye daftari umeitumia wapi. Sisi wa maabara tunachoomba ni kujua tu.

Mzee wa Ramani

Nichomekee la kwangu kabla Tindo hajarukia plasta, maana watu wa maabara huwa wanalisahau na sisi wa jiolojia tunabaki tunalia.

Kabla mfupa haujasogezwa hata kidole kimoja, unachora. Kamba zinavutwa kutengeneza miraba ya mita moja kwa mita moja, kila mfupa unaingia kwenye karatasi ya miraba na namba yake, mwelekeo wake kwa dira, na jinsi ulivyoinama. Siku hizi unapiga picha nyingi kwa simu kutoka kila upande, programu inazishona kuwa umbo la pande tatu. Nzuri sana, lakini chora pia kwa mkono. Mkono unakulazimisha kutazama.

Kwa nini? Mifupa mirefu ikiwa yote imelala upande mmoja, kuna maji yaliipanga, huyu mnyama huenda alifia kwingine akasombwa. Miguu ikiwa imesimama wima ndani ya tope na kiwiliwili hakipo, pengine alinasa. Ukiokota jino la mla nyama lililovunjika katikati ya mbavu, lile jino ni ushahidi, na nafasi lilipokuwa ndiyo ushahidi wenyewe. Liweke mfukoni bila kuandika, umebaki na jino.

Na msisahau udongo. Chukueni mifuko ya mashapo kutoka tabaka lenye mfupa, la juu yake na la chini yake. Chavua zitasema mimea, chembe za majivu ya volkano zikiwepo zitasema umri. Kuna watu wameleta makumbusho mafuvu mazuri ajabu ambayo hatuwezi kuyaandikia lolote, kwa sababu aliyechimba hakujua, au hakutaka kusema, yametoka tabaka gani.

Tindo

Mzee umenifunika, sina la kuongeza. Basi plasta.

Umeshajua mpaka. Unachimba mtaro kuuzunguka mfupa wote na jiwe lake, ukiacha kingo za mwamba pembeni. Mtaro unashuka chini ya kiwango cha mfupa, halafu unaanza kukata kwa ndani, chini, mpaka donge libaki limesimama juu ya mguu mwembamba, umbo la uyoga.

Juu unatandaza karatasi za chooni zilizoloweshwa, tabaka kadhaa, unazigonga kwa brashi zishike kila bonde. Usiziruke hizi. Plasta ikigusa mfupa moja kwa moja imeoana nao, na mimi nitakaa na sindano kuibandua siku nzima nikikutaja jina.

Plasta ni ile ile ya hospitali ya kufungia mguu. Unamwaga unga kwenye maji, si maji kwenye unga, unauacha ulowe kwanza, ndipo unakoroga kwa mkono polepole bila kuingiza mapovu. Vipande vya gunia mmeshakata na kuvilowesha maji pembeni. Mmoja anachovya, anakamua kwa vidole viwili, anampa mwenzake. Mwenzake anatandaza kutoka katikati kwenda kingo, kila kipande kikimlalia mwenzake nusu, na anakandamiza mpaka hewa yote itoke. Kingo zinapinda kwa chini ya donge, hapo ndipo pa kushikia. Kukiwa na joto, au maji yenu yakiwa ya moto, ndoo inaganda mkiwa bado mnabishana nani alete gunia. Changanyeni kidogo kidogo. Na vaeni glovu: plasta ikiganda inatoa joto, na ngozi inababuka.

Donge likizidi urefu wa mkono, weka mabanzi ya mbao au mabomba ndani ya matabaka ya gunia. Hapo fanyeni hesabu mapema. Mita moja ya ujazo ya mwamba wa kawaida ni karibu tani mbili na nusu. Nimeona timu imefunga koti zuri kabisa, halafu ndio wanaulizana litatokaje bondeni.

Kugeuza ndiyo dakika ya roho mkononi. Plasta imekauka, mguu wa uyoga umekatwa ukabaki mwembamba, watu wanapanga upande mmoja, mmoja tu anahesabu, donge linageuzwa kwa mara moja. Ukilisitasita katikati, tumbo linamwagika. Likishalala chali, unapunguza jiwe la chini lisilo na kitu, karatasi tena, plasta tena, limefungwa.

Halafu andika juu ya plasta yenyewe kwa kalamu isiyofutika: namba ya porini, tarehe, mshale wa kaskazini, upande uliokuwa juu, na ndani mna nini. Andika pande mbili. Makoti yasiyo na namba yanafika, na ni ya watu waliosoma.

Swali Moja Tu

Hii ya plasta nani aliibuni? Au tangu zamani ipo?

Tindo

Miaka ya 1870, Marekani, wakati wataalamu wawili mahasimu, Marsh na Cope, wanagombania mifupa. Mwaka 1876 Charles H. Sternberg, akimchimbia Cope huko Montana, alikuwa na mifupa inayobomoka na hana plasta, akachemsha mchele mpaka ukawa gundi nzito, akachovya vitambaa na magunia, akafunga nayo. Muda si mrefu plasta ikachukua nafasi. Tangu hapo hatujabadilisha mengi, na sioni aibu kusema hivyo: gunia na plasta ni vyepesi kupatikana na vinakatika kwa msumeno.

Bint Lindi

Na Tendaguru je, kile kilima cha Lindi, Tanzania? Mbona mkianza historia mnaruka kwenda Marekani wakati mjusi wetu alitoka huku huku.

Tindo

Umenikumbusha la maana, maana kiufundi Tendaguru ni shule. Mhandisi Bernhard Sattler alionyeshwa mifupa 1906, Eberhard Fraas akaenda kuitazama 1907, na kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ikachimba kwa ukubwa usio wa kawaida: zaidi ya tani mia mbili zilisafirishwa. Wakati wa kilele wafanyakazi walifika kama mia tano. Werner Janensch na Edwin Hennig ndio majina yaliyo kwenye vitabu, lakini msimamizi wa uchimbaji aliyeendesha mashimo alikuwa Boheti bin Amrani, na wachimbaji na wapagazi walikuwa wenyeji wa kusini.

Hebu fikirini hesabu yake. Hakuna gari. Kila kitu kinabebwa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa. Kwa hiyo ukubwa wa mzigo uliamuliwa na bega la mtu. Mfupa mrefu wa paja ulilazimika kwenda vipande vipande, kila kipande na namba yake. Vifungashio vikatengenezwa kwa kilichokuwepo: mianzi iliyopasuliwa ikazungushiwa mfupa uliofunikwa udongo. Mingine haijafunguliwa hadi leo kule Berlin, na miaka ya karibuni wameanza kuipitisha kwenye mashine za CT (eksirei inayoonyesha ndani kwa pande zote) waone kilicho ndani bila kukata mwanzi, kwa sababu kile kifungashio chenyewe sasa ni historia.

Yule dinosaria mkubwa wa Tendaguru, Giraffatitan, alisimamishwa makumbusho ya Berlin 1937, urefu wa mita 13 na ushee kwenda juu. Zaidi ya miaka ishirini tangu atoke ardhini. Vita vilikuwepo, kweli, lakini sehemu kubwa ya muda ni kazi ya kusafisha na kuunganisha. Kama ule mzigo ungesafishwa porini, juu ya kilima, ungefika unga.

Bint Lindi

Hapo kwa Boheti nimekuelewa. Suala la mifupa kurudishwa nyumbani nitalianzishia uzi wake, nisikuharibie huu.

Udongo Mfinyanzi

Narudi tena. Tindo, tuseme ukweli. Makumbusho yamejaa makoti ya plasta yaliyokaa rafuni miongo na miongo. Nyie wa maabara mko wachache. Kila kitu kikifungwa na kuletwa, kinaoza stoo. Si bora vidogo visafishwe kule kule?

Tindo

Hapo umenigusa penye ukweli. Foleni ipo. Jino moja moja, pingili ndogo iliyolegea yenyewe juu ya udongo, hizo okota, funga kwenye karatasi laini, weka kwenye kopo na namba. Mashapo yenye vidogo vingi unabeba kwa magunia na kuchekecha kwa maji. Hakuna anayefunga plasta kila kokoto.

Ninachokataa ni kusafisha kilichoshikamana. Chukua dinosaria aitwaye Borealopelta. Mwaka 2011 mwendesha mtambo kwenye mgodi wa mchanga wa mafuta, Alberta, Kanada, aligonga kitu cha ajabu. Wataalamu walipolinyanyua donge, lilivunjika vipande kwa uzito wake. Wakavifunga plasta kila kimoja, vikaenda maabara. Mark Mitchell alikaa navyo saa takriban 7,000, zaidi ya miaka mitano, punje kwa punje. Alichotoa ni dinosaria mwenye magamba na ngozi vikiwa mahali pake, na 2017 spishi ikapewa jina lake, markmitchelli. Sasa mpe yule jamaa wa bisibisi donge lile lile kwa wiki moja.

Ngozi ndiyo inayonitia hofu zaidi ya yote. Haina rangi ya mfupa. Ni alama tu kwenye jiwe, kando ya mfupa, pale pale ambapo mchimbaji anaona "takataka" ya kuondoa. Sternberg na wanawe walipompata Edmontosaurus mwenye ngozi kule Wyoming, 1908, aliokoka kwa kuwa walibaini mapema. Wangapi wameishia kwenye kifusi hatutajua.

Swali Moja Tu

Maabara sasa mnatumia nini ambacho porini hakipo?

Tindo

Kwa kifupi: darubini, mwanga mzuri, kiti, na muda. Kalamu ya hewa iliyobanwa, ncha inagonga haraka sana na kung'oa jiwe punje kwa punje. Kipulizio cha unga laini wa sodiamu baikaboneti kwa sehemu nyororo. Jiwe likiwa la chokaa, unaweza kulizamisha kwenye asidi hafifu ya siki au ya fomiki, unatoa, unaosha kwa muda mrefu, unapaka gundi sehemu iliyofunuka, unarudisha. Barakoa ni lazima, vumbi la silika halisamehi mapafu. Na ile mifupa yenye urani inahitaji chumba chenye hewa inayozunguka.

Lakini jambo kubwa ni kwamba maabara unaweza kusimama. Ukiona kitu usichokielewa unaweka kalamu chini, unaita mtu, unapiga CT, unarudi mwezi ujao. Porini mvua inakuja.

Mgeni Humu

Samahani wakubwa, mimi si mtaalamu. Nikitembea nikakutana na kitu kama hicho nifanye nini hasa? Nikichimbe kidogo nihakikishe?

Mzee wa Ramani

Usichimbe. Weka kitu cha kupimia pembeni, kalamu au kiatu, piga picha ya karibu, halafu rudi nyuma upige ya mbali inayoonyesha kilima kizima. Chukua alama ya eneo kwenye simu. Peleka makumbusho au chuo chenye idara ya jiolojia. Sheria zinatofautiana mno: Mongolia visukuku vyote (mabaki ya viumbe yaliyogeuka jiwe) ni mali ya taifa, na mwaka 2013 Marekani ilirudisha huko mifupa ya dinosaria Tarbosaurus aliyekuwa ameshapigwa mnada, Alberta ni mali ya jimbo, Marekani yenyewe, kwenye shamba la mtu ni mali ya mwenye shamba, kwenye ardhi ya shirikisho unahitaji kibali. Kuchimba "kidogo" kunaweza kukupeleka mahakamani.

Tindo

Na kama mvua iko karibu na unaona kinabomoka, kirudishie udongo ule ule uliokitoa, ukandamize kwa kiganja, uweke mawe machache juu. Kimekaa humo muda wote huo. Kitasubiri wenye plasta.